Ghuba Iliyokataa Kuchachuka

Jumatatu, 4 Machi
Imemaliza! Wiki nzima kompyuta kubwa inaunguruma kule chini, leo modeli yangu imetoa utabiri wa miaka themanini ijayo ya ghuba yetu. Joto linapanda, hilo nililitarajia. Lakini asidi, ile inayoyeyusha magamba ya chaza — palepale! Chaza watajenga magamba yao kama kawaida hata nikishazikwa. Mkuu wa idara kanipa mkono, yeye ambaye hata salamu humtoka kwa shida.
Nikampigia kaka. Mwaka mzima ananiuliza: niache lori nifuge chaza, au bahari itaniangusha? Nikamwambia fuga.

Ijumaa, 8 Machi
Kaka kaacha kazi. Funguo za lori karudisha jana. Wifi anasema usiku halali, anapimapima matangi ya chaza tu. Nimefurahi. Ila kuna kitu kwenye yale majibu hakinikai, sijui kwa nini.

Jumanne, 12 Machi
Najua kwa nini.
Joto limebadilika, oksijeni imepungua, vijimea vya baharini vimehama — asidi peke yake imetulia. Inawezekanaje? Nikafungua kila kinacholishwa modeli. Joto la kila mwaka lipo. Hewa ukaa, ule moshi wetu unaoitia bahari asidi — kiwango cha mwaka wa kwanza, mwaka wa kwanza, mwaka wa kwanza, mpaka mwisho. Niliigandisha wakati wa majaribio, nikasahau kuiachia. Mimi na haraka zangu.

Jumatano, 13 Machi
Nimemwambia mkuu. Kafuta miwani, akasema turudie, nisitangaze kitu kwanza. Nikamwuliza, na kaka yangu? Akasema chaza wa kaka yangu hawamo kwenye mradi.

Alhamisi, 21 Machi
Majibu mapya. Mstari wa asidi umepanda bila huruma. Watoto wa chaza wa kaka hawatafika hata ukubwa wa kucha, na si zama za wajukuu — ni kabla mwanawe wa mwisho hajamaliza shule.
Nilimpigia. Kapokea anacheka, anasema pampu ya matangi ndiyo wanaifunga. Nikauliza hali ya mama. Mwoga mimi.

Jumapili, 24 Machi
Kwa kaka. Nilikuja kumwambia. Nimekuta majirani, watoto wamevalishwa viatu vya shule siku ya mapumziko. Eti pampu niiwashe mimi, maji ya bahari yaingie kwenye matangi kwa mkono wangu. Kasema mbele ya watu kwamba bila mimi angezeekea kwenye usukani. Nimesingizia kichwa, nikakimbilia chumbani.
Naandika ukingoni mwa kitanda chao. Ukutani kabandika grafu yangu, ile ya kwanza, mstari umelala. Kaizungushia kalamu nyekundu.
Nimeibandua. Nimeikunja. Sasa niiweke wapi?
Kaka anagonga.
"Profesa, toka basi. Maji yanakusubiri wewe."