Mjomba, Nimemtoa Kulwa Uwanjani

Mpendwa Mjomba,

Muhula huu wamenikabidhi timu yako. Barua ya mkuu wa chuo imeandika "kocha mkuu", na mama aliposomewa alipiga kigelegele, halafu akakaa chini akalia, maana alimkumbuka kaka yake. Mimi sikujua nishike lipi, furaha au kilio. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limenivuruga, na wewe ndiye wa kuulizwa, ijapokuwa tulikuzika kijijini Lingeka na huu ni mwaka wa pili.

Unakumbuka uliporudi kutoka semina na lile begi la glovu za besiboli? Wewe ulikuwa mkufunzi, mimi mwanachuo wa mwaka wa kwanza, kichwani nina mpira wa miguu tu. Ulitupeleka kiwanja cha nyuma ya mabweni, ukapima besi, vile vituo vya kukimbilia, kwa hatua zako mwenyewe. Vijana wa bodaboda wa Somanda wakasimamisha pikipiki watucheke.

"Wanaume wazima wanacheza rede!"

Ukawajibu kwa Kisukuma, wakacheka zaidi, lakini hakuna aliyeondoka. Kisha ukanipa mpira. "Mjomba, rusha." Tuliitana hivyo wote wawili, hata mbele ya wanachuo wengine. Nikarusha. Ukadaka, ukavua glovu, ukakitikisa kiganja kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

"Wewe ndiye mrushaji," ukasema. Nilikuwa na miaka ishirini, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia mimi ndiye kitu chochote.

Asubuhi ulinisubiri kiwanjani na matobolwa mfukoni, viazi vitamu vya kukaushwa, tunatafuna huku unanionyesha namna ya kuweka vidole kwenye mpira. Siku za mechi watu wa Bariadi waliliita jina langu kabla sijagusa mpira. Nilidhani mambo yatakuwa hivyo maisha yangu yote.

Halafu ikaja ile mechi na timu ya Mwanza. Nilikuja pembeni nikakwambia, "Mjomba, kiwiko kinauma."

Ukanishika bega. "Kinauma au kimechoka?"

Nilikutazama usoni nikaona jinsi ulivyoutaka ushindi. Nikasema, "Kimechoka."

"Basi, zimebaki zamu mbili tu."

Tulishinda, wakatubeba juu juu. Tangu siku ile mkono huu haunyooki. Shati nafunga vifungo kwa mkono wa kushoto.

Hukuwahi kuniambia pole, nami sikuwahi kuidai. Ulinipa daftari la timu niandike mirusho. Baadaye ukaniachia mazoezi ya asubuhi, na miguu yako ilipoanza kuvimba ukaniachia timu nzima, wewe umekaa kwenye kiti unaangalia. Kila mtu anasema ulinilea. Ni kweli. Lakini mpaka leo sijui kama ulinifundisha ukocha kwa sababu uliona ninaufaa, au ulikuwa unanifidia mkono. Na mimi je, niliposema "kimechoka", nilikudanganya au ulinidanganyisha?

Sasa nina kijana anaitwa Kulwa, wa Kasoli, wazazi wake wakulima wa pamba. Anarusha kuliko nilivyorusha mimi. Jumamosi iliyopita tulikuwa tunaongoza, nikamwona anakung'uta mkono baada ya kurusha. Mara ya kwanza nikamwacha aendelee. Mara ya pili nikamwita.

"Kiwiko kinauma?"

"Hakiumi, kocha."

Nikamtoa. Aliyeingia badala yake, wapinzani waliipiga mirusho yake mpaka tukafungwa. Watu walipotawanyika Kulwa akanifuata, jasho na machozi vimechanganyika.

"Kocha, umenionea wivu. Mkono wako uliharibika, basi hutaki kuona wa mwenzio mzima."

Nilimwambia aende akaoge. Ningeweza kumjibu, Mjomba, kama ningekuwa na hakika kwamba ni uongo. Watu wanapoliita jina lake kwenye kiwanja kile kile, kuna kitu kinanichoma, na sikijui jina. Niliuona mkono wake, au niliuona wangu?

Jana nilimpeleka hospitali. Daktari akaukunja mkono, akaunyoosha, akaubonyeza, akapiga picha.

"Sioni tatizo," akasema. "Labda ni kwa kuwa amepumzika, labda hakukuwa na kitu tangu mwanzo. Siwezi kukuambia."

Tulipotoka nje Kulwa akaniuliza, "Kwa hiyo Jumamosi narusha?"

"Sijui."

Akanitazama sana. "Kocha gani hajui?"

Hakuwa ananidhihaki. Alitaka jibu kweli, akasimama pale analisubiri. Tukapanda bodaboda moja mpaka chuoni.

Wewe hukuwahi kuniambia "sijui", Mjomba. Kwa hilo nilikufuata kila mahali. Ungelisema siku ile, pale pembeni, nadhani ningekudharau. Na pengine leo mkono wangu ungekuwa mzima. Nakupenda, na nina hasira na wewe, na nimeshindwa kuvipatanisha.

Mama anakusalimu. Mahindi ya nyumbani kwako yameshika vizuri. Keshokutwa ni Jumamosi, karatasi ya majina iko hapa mezani, na nafasi ya mrushaji bado iko wazi.

Pumzika, Mjomba.

Mimi mtoto wa dada yako