Moto wa Kukutana

Zombo, Kilosa
Oktoba 1953

Mdogo wangu Ulimboka,

"Nilimwona mwanamke mmoja, peke yake, akiwasha nyasi ili kuunguza kambi ya wafanyakazi." Hayo ndiyo maneno uliyompa meneja wako, na karani akayasoma barazani sote tukisikiliza. Nimeyarudia mpaka nimeyashika kwa moyo. Ni sentensi fupi, lakini uongo umejaa humo kama kunguni kwenye kitanda cha kamba.

Ila kwanza tusalimiane, maana tumezaliwa tumbo moja. Petro alinifikishia shikamoo yako, marahaba. Mimi ni mzima, ingawa kifua bado kinakwaruza kwa moshi. Shemeji yako Joha hajambo, na anauliza kama mguu wa mkeo Regina umepona na kama watoto wanakula. Ameniomba pia nisikuite mjinga kabla ya kufika ukurasa wa pili. Najitahidi.

Wewe katika maelezo yako unaanza na Hildegarda, kana kwamba kabla yake hapakuwa na moshi. Moto ulianza mchana kule mwisho wa reli ya shamba lenu, upande wa Mikumi. Treni yenu ndogo ya kubebea mkonge inaendeshwa kwa kuni, na bomba lake la moshi halina wavu. Apitaye pale huziona cheche zikirukia majani. Rafaeli, dereva wake mwenyewe, alimwambia meneja tangu mwaka jana, akajibiwa kwamba wavu unapunguza nguvu ya injini. Basi nguvu ya injini imeokolewa.

Na majani yalikuwa marefu kupita kichwa cha mtu kwa nini? Wenyeji wa huku walikuwa wakichoma mbuga mapema, mwezi wa Juni, majani yakiwa bado na ubichi. Moto wa namna hiyo hutambaa, na mtu huuzima kwa tawi. Boma likapiga marufuku. Bwana Shauri, yule mzungu wa boma, alisema moto unaharibu nchi. Nani alibisha? Watu walikuwa wanawasha moto mdogo ili mkubwa usije. Sasa umekuja.

Ungefika huku ungejionea. Mzee Theodory amekufa. Alikuwa ameshatoka, akarudi kuwafungulia mbuzi. Mbuzi walitoka, yeye hakutoka. Mizinga ya nyuki ya jirani yetu Beda imekuwa mkaa huko huko juu ya miti. Kanga wamekufa wamekaa juu ya mayai yao, na kobe wamepasuka magamba. Nyati wamelala kwenye mihogo yetu wala hakuna anayewafukuza, kwa kuwa wameungua kwato na hawawezi kwenda. Ghala za mtama bado zinafuka. Kijito ni cheusi, na mvua ya kwanza itaondoka na udongo wote, kwa sababu hakuna hata mzizi wa kuushika.

Hildegarda unamjua kwa sura tu: yule mjane jirani yangu, mzaliwa wa hapa. Alipoona moto unashuka kuelekea kambi yenu, na upepo unausukuma, hakukimbia. Alifanya wanachokifanya watu wa hapa tangu zamani. Wanauita moto wa kukutana. Unasimama kwenye njia iliyo wazi, unawasha nyasi za upande ule moto mkubwa unakotokea, na huo mdogo unarudi nyuma kuulaki mkubwa. Ikikutana, yote miwili inakosa chakula, inakufa.

Mimi na wewe hatukulelewa na jambo hili. Kwetu Rungwe ni migomba na ukungu. Nani angewasha nyasi ili azime moto? Nilipotoka kambini nikahamia Zombo, nami nilidhani ni wazimu mara ya kwanza nilipouona. Kwa hiyo vibarua wenu, wa kwetu na wa kwingine, siwalaumu sana. Waliona mwanamke na mwenge, wakamrukia. Walimfunga kwa kamba ya mkonge, mmoja akipiga kelele kwamba mchawi huyu anaulisha moto. Waliokuwepo wanasema Hildegarda aliwaambia wamfunge upesi, ila mmoja wao abaki amtazamie moto wake usivuke njia.

Haukuvuka. Nenda ukatazame. Upande mmoja wa njia ni majivu, upande wa pili ni nyasi kavu zilizosimama, na nyuma yake kambi nzima, mapaa ya makuti na yote. Mtu anayetaka kuunguza kambi angewasha upande wa kambi. Hili halihitaji kusoma vitabu, linahitaji macho.

Jumapili nilipokufuata ulisema wewe ulieleza ulichokiona, na mimi nimezoea kupigana na serikali kwa karatasi. Ukacheka, ukasema barua za gazetini hazijawahi kumtoa mtu lokapu. Kisha Regina, amesimama mlangoni na ule mguu wake, akakuuliza wanao walikuwa wapi saa ile. Ulijifanya unatafuta kofia. Walikuwa nyumba ya mwisho, ile iliyo karibu na njia.

Jumatatu hakimu anasikiliza kesi Kilosa. Hildegarda yuko mahabusu na Agnesi, mtoto wake anayenyonya. Wanawe wakubwa wanalala kwangu na kila jioni wanamwulizia. Akifungwa, atafungwa miaka, na shahidi ni wewe.

Nimekwisha kukanusha "ili kuunguza kambi". Yamebaki maneno "mmoja, peke yake", na hayo ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Ulituona wawili, Ulimboka. Mimi nilikuwa kushoto kwake, na mwenge wa mabua mkononi. Moshi ulipopasuka tulitazamana, nikakuona midomo ikitaja jina langu. Ukageuka, ukawaonyesha vibarua yeye. Hildegarda akanisukuma nikimbilie kijitoni. Alisema wakinikamata mimi, mwandishi wa malalamiko, wataita njama na kukusanya kijiji kizima. Nikamtii. Nilijiona mwenye busara, kumbe nilikuwa mwoga aliyepata sababu nzuri.

Najua kwa nini ulinyamaza. Mimi ni kaka yako, nami ndiye niliyekuleta huku. Lakini sikukuomba unifiche kwa sketi ya mjane. Jumatatu nitasimama niseme mwenyewe. Wataniita mgomvi, kama kawaida yao. Neno lako wewe, nyapara wao, hawawezi kulitupa.

Basi nisalimie Regina, na watoto uwapakate kwa niaba yangu. Wasalimie wanaume walioshika ile kamba na wanawake ambao watoto wao walikuwa ndani ya zile nyumba, na uwasomee mwisho huu kwa sauti: Jumatatu asubuhi njooni Kilosa. Mwambieni hakimu upepo ulitoka wapi, na yule mama alisimama upande gani wa njia. Nawe, mdogo wangu, ukiulizwa uliona wangapi, ninyoshee kidole. Nitakaa benchi la mbele, nimevaa lile koti lako jeupe ulilonipa, usije ukasema hukunitambua.

Ni mimi kaka yako,
Lupakisyo