Katiba Tuliyoandika Mimi na Mama Zuhura

Jericho, Jumapili jioni, Julai 1997

Baridi ya leo haina adabu. Nimevaa sweta mbili na bado nimelisogelea jiko mpaka leso inanuka moshi. Lakini moyo una furaha, na una kitu kingine pia ambacho sijui nikiite nini.

Tumemaliza. Mimi na Mama Zuhura, jirani yangu wa mlango wa pili, tumeimaliza ile karatasi.

Acha nieleze vizuri, maana nikisoma haya nikiwa bibi nitakuwa nimesahau. Nchi nzima siku hizi ni katiba, katiba. Kila mtu anataka ibadilishwe. Wanawake wa mtaa wetu tukaambiwa tutoe maoni yapelekwe kwenye mkutano mkubwa mjini, lakini yawe karatasi moja, na sote tuikubali, Wakristo na Waislamu. Kina mama wa kanisa wakanichagua mimi, wa msikiti wakamchagua yeye. Walidhani kwa vile tunaazimana chumvi hatuwezi kugombana.

Wapi!

Maji, tukaandika. Hospitali, karo, soko letu linalovuja, tukaandika huku tukicheka. Halafu nikaandika langu: mtoto wa kike arithi sawa na wa kiume. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani kwangu. Baba alipofariki, kaka zangu waligawana shamba la Bungoma, mimi nikaambiwa nitapata la mume. Mume nilimpata, Mungu amrehemu, na shamba lake likabaki na ndugu zake. Sitaki Nekesa wangu aje aambiwe maneno yale yale.

Mama Zuhura akaweka kalamu chini. "Shoga, hilo mimi sitii sahihi."

Kwao mirathi imo kwenye Kurani, na anayeiamua ni kadhi. Binti ana nusu ya fungu la kaka yake. Akanikumbusha kwamba kadhi aliwekwa kwenye katiba tangu uhuru, ndipo Pwani ikawa Kenya moja na sisi wa bara. "Mlituahidi," akasema, kana kwamba nilikaa mezani na wale wakubwa. Wakati huo nilikuwa bado nabebwa mgongoni!

Nilikasirika. Nikamwambia nusu ni nusu hata uipake dhahabu. Naye akanitazama bila kupepesa.

"Nusu ya Zuhura naijua, na kaka yake akimnyima nampeleka kwa kadhi. Wewe hicho kizima chako kiko wapi?"

Iliniuma kwa sababu ni kweli.

Siku kadhaa hatukusalimiana. Niliteseka, siwezi kudanganya. Hakuna mwingine mtaani anayejua kunicheka nikianza kujiona mkubwa, na chai nilikuwa nakunywa kimyakimya kama mgonjwa. Ijumaa akabisha hodi na sahani ya mahamri. "Nimekuja kwa ajili ya katiba, si kwa ajili yako," akasema, na uso umenuna hasa. Tulicheka mpaka tukafuta machozi. Nampenda mwanamke huyu, jamani.

Hapo tukapatana. Wenzake wengine hawakutaka mirathi iguswe kabisa, akaenda kuwabembeleza mmoja mmoja. Mimi nami nikakubali maneno yaongezwe kwenye langu: isipokuwa Waislamu, ambao mirathi yao itabaki kwa kadhi. Leo mchana kina mama wote wametia sahihi. Nilitembea kurudi nyumbani kama mbunge.

Halafu Zuhura.

Zuhura ni msichana wa kidato cha tatu. Nimemlea kama wangu; akichoka kwao anakuja kulala kitanda kimoja na Nekesa. Jioni hii ameikuta karatasi mezani, akaisoma taratibu hadi mwisho, akarudi juu tena.

"Anti, hapa kwenye 'isipokuwa', ni mimi?"

Nikamwambia akamuulize mama yake. Mama yake akamrudisha kwangu. Watu wazima wawili, waoga! Mwishowe nikamketisha nikamwambia wazi: ndiyo, ni wewe. Bila maneno hayo mama yako asingetia sahihi, karatasi isingeenda, na Nekesa asingepata chochote. Nikamwambia nampenda. Nilisema mara mbili.

Hakulia. Hata kukasirika hakukasirika. Aliikunja karatasi vizuri akanirudishia.

"Pengine ningekubali tu, Anti. Dini ni yangu pia. Lakini si mngeniuliza?"

Siku zote zile alikuwa pale jikoni, akitupikia chai, sisi tukigombania fungu lake. Mlango ulikuwa wazi. Mbona hatukumwita?