Ukikata Kulia Linakwenda Kushoto

Muhima, Jumamosi jioni, 1992.

Mvua imekatika saa tisa. Nina grisi hadi kwenye viwiko, nimechoka, na nikikumbuka ya leo nacheka peke yangu, halafu naona aibu.

Kesho mpwa wangu anaolewa Kicukiro, na mimi ndiye niliyeahidi kupeleka mapipa manne ya pombe ya ndizi kwa pikapu aliyoniachia marehemu mume wangu. Ni kagari kadogo. Mwezi uliopita nilikapakia matofali, vyuma vya mbele vikapinda, magurudumu yakaingia ndani kama miguu ya mtu aliyebanwa na mkojo.

Tangu vita vianze kaskazini, vipuri havipatikani. Shemeji yangu Deo, mdogo wa marehemu, ni fundi aliyejifunzia kazi Bujumbura. Akapata ekseli ya mbele ya pikapu kubwa iliyopinduka: nene, imara, kila gurudumu linapanda na kushuka kivyake. Siku tatu kwenye ua wa gereji yao amekata, amechomelea, ametoboa matundu mapya kwenye chasisi. Kazi yake ni safi, hilo nakiri.

Shida ni mdomo wake. Jana nilimuuliza mbona bolti moja imebaki chini. Akanijibu mbele ya mafundi wenzake, "Mama Klodina, wewe iko mwalimu wa kushona. Hii si gauni."

Wakacheka wote.

Leo saa nne, alipokuwa anafunga magurudumu, niliinama kutazama. Ekseli ya zamani ilikuwa imelala pembeni. Kwenye ile, vikono vinavyovutwa na usukani vinaelekea nyuma. Kwenye mpya vilielekea mbele. Alikuwa ameweka cha kulia kushoto na cha kushoto kulia. Wanafunzi wangu hushona mikono ya blauzi hivyo hivyo, na mimi huwafumulia kila wiki.

Nilinyamaza.

Nilitaka aaibike kidogo tu. Nilidhani atazungusha usukani kwanza pale pale uani, aone mwenyewe. Hakujaribu. Alipanda, akapiga honi, akatoka getini. Akakata kulia ashike barabara; pikapu ikaenda kushoto. Akakata kulia zaidi. Ikaenda kushoto zaidi. Ikavuka mtaro polepole, ikaangusha ua wa matete, ikasimama katikati ya bustani ya masista walio jirani na gereji, Deo bado anavuta usukani kulia.

Mafundi walicheka hadi wakakaa chini. Mimi sikuweza. Muda mfupi kabla, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa amepita kando ya ua ule ule.

Sista mzee akatoka na jembe, akamtazama dereva, akatazama kabichi zake.

"Deo," alisema kwa upole, "barabara iko kule."

Tukaisukuma pikapu hadi uani. Deo akaizunguka mara tatu. Mwishowe nikamwambia, "Shemeji, hebu linganisha na ile ya zamani."

Akachuchumaa. Akatazama ya zamani, akatazama mpya, akarudi ya zamani.

"Nilikuwa nimeshaona," akasema.

Akafungua vyote, akarudisha kila kikono upande wake. Mvua ilipokatika tukapakia mapipa yote manne, nikaendesha mwenyewe kupanda mlima, kuijaribu. Sehemu ya mbele haikuinama hata kidogo. Usukani ulinitii. Deo alikaa kando yangu ameshika mlango kwa mikono miwili.

Tulipofika juu akasema, sauti ya chini, "Mama Klodina, siku nyingine ukiona kitu, uniambie. Hata kama nitacheka."

Hapo ndipo ningemwambia. Nikabadilisha gia badala yake.

Kesho nitamwambia kwamba niliona tangu saa nne. Na iwe kabla ya misa. Nikingoja hadi tuwe tumekunywa, atacheka, nami nitacheka naye, na itakuwa kama sijasema kitu.