Uji wa Kiganja

Jumapili

Leo tena mama mkwe amemnywesha mtoto uji kwa kiganja. Anambana pua, anamimina, mtoto anakohoa mpaka macho yanamtoka.

Kwa mila yetu, mimi mkwe wake siruhusiwi kusema naye wala kumtazama usoni. Nikimwambia mke wangu, ananijibu, "Sisi sote tulikuzwa hivyo. Mbona hatukufa?"

Mchana mama mkwe alikwenda kisimani. Nilikuwa nakula boga, mtoto akaninyang'anya kipande, akakisukuma mdomoni mwenyewe, akakitafuna kwa fizi huku anacheka. Hakukohoa hata kidogo.

Mama mkwe aliporudi nikatoka mbio, ndiyo adabu. Nikamsikia anamsemesha mtoto, lakini maneno yalinilenga mimi: "Nani kakupa boga? Baba yako anataka ukabwe?"

Jibu nilikuwa nalo. Sasa nilipitishe wapi?

Kesho narudi kwenye kazi ya reli ya Wadachi, na mtoto atabaki na...

Jioni mama mkwe akammiminia tena. Mtoto akakohoa, kisha kimya. Nikasimama mlangoni, mguu mmoja ndani.

Halafu mtoto akalia. Nikaurudisha mguu nje.