Mechi ya Wiki ya Giza

Alhamisi, 3 Aprili

Nimeshona mashati mawili ya shule na kutia zipu gauni la jirani. Mvua asubuhi yote. Umeme hakuna, lakini cherehani yangu ni ya kukanyaga, haijui habari za umeme.

Jioni glavu za Idi. Kila wiki kidole gumba cha mkono wa kulia kinafumuka, kila wiki nakishona. Idi ni mdogo wangu, golikipa wa Sangala, timu yetu ya hapa Rumonge, kando ya ziwa. Ana miaka thelathini na sita. Mchana anadaka mipira, usiku anavua ndagala, wale dagaa wa ziwani. Analala lini, aulizwe mwenyewe.

Sangala ni ya pili kutoka mkiani. Imebaki mechi moja. Timu mbili za mwisho zinashuka daraja. Mume wangu Mustafa hata chakula hakimpiti vizuri. Mtu anauza mawese, anakonda kwa ajili ya mpira.

Jumapili, 6 Aprili

Ugomvi tena kwa Fideli. Fideli ni kinyozi, Mkongomani wa Uvira, na saluni yake ndiyo bunge la mashabiki. Nilipita kuchukua kanzu ya kupunguza, nikakaa saa nzima.

Fideli anataka tushuke. Anasema wazi, wembe mkononi. "Hii timu iko na ugonjwa, bapapa. Muache ianguke. Tutaijenga kule chini na batoto ba hapa hapa." Kila mwaka tunaleta wachezaji kutoka Bujumbura, wanacheza miezi mitatu, wanaondoka bila hata kuaga. Vijana wetu wanakaa ufukweni wanatazama. Tukishuka tutacheza na Magara, Gitaza, Kabonga, majirani tu. Miaka miwili ya kujipanga, kisha turudi. La kuvunda halina ubani, anasema.

Mustafa anataka tujenge humu humu tulimo. Anasema aliyezoea kushuka hapandi tena. Anasema kufungwa kwa makusudi ni aibu, watoto watajifunza nini. Aliinuka na nusu ya kichwa imenyolewa, akaondoka. Nusu nyingine nimemalizia mimi nyumbani kwa mkasi wa kitambaa. Hakufurahi.

Mimi sikusema kitu pale. Hapa nasema. Nataka tushuke. Si kwa hoja za Fideli, ingawa anasema kweli. Shati lenye viraka juu ya viraka, mwishowe unakata kitambaa kipya. Lakini sababu yangu ni nyingine.

Jumanne, 8 Aprili

Niandike sababu.

Mwezi uliopita, wiki ya giza, Idi alisinzia juu ya chombo cha kuvulia. Alikuwa amecheza mechi Jumapili, akaenda ziwani jioni ile ile. Aliteleza kutoka ubaoni akaingia majini bila hata kupiga kelele. Wenzake walimvuta kwa shati. Yeye hakuniambia. Niliambiwa na mke wa mwenye chombo, sokoni, huku akinipimia ndagala.

Mama alipofariki Idi alikuwa mdogo. Mimi ndiye niliyemlea. Sina ndugu mwingine.

Nilimwambia aache kimoja. Ziwa hawezi kuacha, ndiyo kula yake. Basi aache mpira. Akanijibu alivyojibu miaka yote: "Dada, siku Sangala itashuka, siku ile nitatundika glavu." Alisema akicheka. Mimi sikucheka. Niliyashika maneno yale.

Alhamisi, 10 Aprili

Mechi ilikuwa iwe Jumapili hii, nyumbani kwetu, na timu ya mlimani iliyo juu yetu kwa pointi mbili. Tukishinda tunabaki, wao wanashuka. Sare au kufungwa, tunashuka sisi. Leo wameleta ombi: basi lao halina esansi, petroli haipatikani, wanaomba tucheze Jumapili ya tarehe 27. Kanuni inasema mwenyeji akubali au akatae. Mwenyekiti akaogopa kelele, akaita mashabiki wote wapige kura.

Mgeni angeona jambo dogo. Sisi tunajua. Jumapili hii mwezi ni mpevu. Wiki ya mwanga hakuna anayevua, kwa sababu ndagala hawaifuati taa mwezi ukiwaka. Vyombo vinapumzika, watu wanashona nyavu, wanalala. Tarehe 27 ni giza tupu. Giza ndilo shamba la mvuvi. Wachezaji wetu sita ni wavuvi. Sangala mwaka huu imeshinda wiki za mwanga tu. Hapa mtu akitaka kubashiri, anatazama juu kwanza.

Kwa hiyo kukubali tarehe 27 ni kukubali kufungwa. Hakuna aliyesema hivyo. Fideli alizungumzia udugu na shida ya esansi, na uso wake mtakatifu kabisa.

Waliotaka kukubali wakaambiwa wanyanyue mikono. Nilinyanyua.

Mustafa alikuwa amesimama mbele yangu. Aligeuka kuhesabu, akauona mkono wangu. Upande wetu ulishinda kwa mikono michache. Kurudi nyumbani alitangulia peke yake.

Jumapili, 13 Aprili

Siku ya mechi isiyokuwepo. Jua zuri, uwanja mkavu. Idi na wenzake wamekaa ufukweni wanashona nyavu. Wamelala wiki nzima, macho meupe kama ya watoto. Wangeshinda leo. Najua wangeshinda.

Mustafa amekula, akasema asante, akatoka. Asante ya mume wangu siku hizi inauma kuliko tusi.

Jumatano, 16 Aprili

Idi hajaleta glavu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka ya Wakristo. Fideli ameniletea sahani ya wali na nyama, ni mtu wa adabu. Kasimama mlangoni akauliza kama Idi amenikasirikia. Nikamwambia sijui. Akasema hata kwake Idi haji kunyolewa tena, ndevu zimekuwa msitu.

"Mama Salma, tulifanya muzuri ao mubaya?"

Nilimwambia tulifanya. Tusubiri.

Mwezi unachelewa kutoka sasa. Vyombo vimeanza kutoka tena.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimempelekea Idi chakula ufukweni, bugali na samaki, mukeke wa kuchoma. Alikuwa amelala akiwa amekaa, mgongo kwenye mtumbwi, mdomo wazi. Ameenda ziwani kila usiku wiki hii. Ndagala wamejaa, majamvi hayatoshi kuwaanika. Kila mtu anacheka isipokuwa mimi.

Glavu zilikuwa pembeni yake. Kidole gumba kimeshonwa. Kwa uzi wa nyavu. Ameshona mwenyewe, mshono mnene, mbaya, wa hasira. Nimeshona glavu zile miaka kumi na zaidi.

Sikumwamsha. Niliacha sahani, nikaifunika na kitambaa. Nililia njiani, mchana kweupe, watu wakinisalimu "amahoro" nami najibu "amahoro" huku machozi yanatoka.

Nilitaka apumzike. Nimemchosha zaidi. Mchuma janga hula na wa kwao.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimemwambia Mustafa yote. Habari ya Idi kuanguka majini hakuijua. Akauliza kwa nini sikumwambia. Nikasema ningemwambia angekwenda kupiga kelele ufukweni, Idi angeaibika. Akasema kweli, angepiga kelele.

Akasema pia: "Ungeniambia, Mama Salma, na mimi ningenyanyua mukono."

Nimepumua. Lakini mechi ni keshokutwa, na kesho usiku vyombo vitatoka. Namwogopea Idi wa Jumapili asubuhi, macho mekundu, anakwenda uwanjani kufungwa mabao matano mbele ya mji mzima. Au hafiki uwanjani kabisa. Hilo la pili sitaki kuliandika tena.

Jumamosi, 26 Aprili

Niandike pole pole.

Baada ya Magharibi nilitoka uani kutazama ziwa, kama ninavyofanya kila siku ya giza. Saa ile taa za wavuvi zinakuwa zimeanza kutoka, moja moja, kisha zinajaa mpaka ziwa linafanana na mji. Leo hakuna. Nikafikiri macho yangu. Nikamwita Mustafa. Naye akatazama. Kaskazini, upande wa Magara, taa za wenzetu zinawaka kama kawaida. Mbele yetu, weusi mtupu.

Mustafa alikwenda kuuliza. Karudi mbio, mtu mzima yule na tumbo lake.

Wachezaji sita walisema hawatoki leo. Hilo lingeeleweka. Lakini wenzao wa vyombo nao wakasema, kama wale hawatoki, na sisi hatutoki. Chombo kimoja kikafuata kingine. Wenye vyombo walifoka, kisha wakachoka kufoka. Usiku wa giza tupu, ndagala wamejaa, na ufukwe mzima umekwenda kulala ili Sangala ilale.

Tangu nizaliwe sijaona jambo hili. Tulipanga sote, na Fideli na mimi, kwa hesabu moja: mvuvi haachi giza. Tulihesabu vibaya. Watu wa hapa, tukawasahau watu wa hapa.

Nina aibu. Na nina furaha. Sijui ipi kubwa.

Jumapili, 27 Aprili

Uwanja ulifurika. Wavuvi wote wamekuja, wamenyoa, wamevaa mashati yaliyopigwa pasi. Mengine nimeshona mimi.

Sangala ilicheza vizuri kuliko nilivyowahi kuiona. Mipira miwili iligonga mwamba. Kipindi cha pili beki wetu akamwangusha mtu ndani ya boksi. Penalti. Nilifunika uso kwa kanga, nikatazama kwa jicho moja. Idi aliruka kulia. Akadaka. Hakupangua, alidaka, akaukumbatia kifuani.

Mtu aliyepiga kelele kuliko wote ni Fideli. Alivua shati. Mustafa alimbeba juu juu, wale wale wawili waliogombana nywele zikiwa nusu.

Ikaisha sifuri kwa sifuri. Hatukufungwa. Hatukufunga pia. Tumeshuka.

Fideli alikaa chini kwenye majani akalia kama aliyefiwa. Alipata alichokitaka na hakukitaka tena. Sikumcheka. Na mimi nilikuwa nalia.

Wageni wa mlimani walipitia mbele ya Idi mmoja mmoja wakampa mkono. Basi lao lilipoondoka, watoto wetu walilipungia.

Jumatatu, 28 Aprili

Nilikwenda kwa Idi asubuhi. Alikuwa anakula uji. Nikamwambia nilinyanyua mkono. Akasema anajua, mji mzima ulikuwa pale. Nikamwambia ni kwa sababu ya maji, na shati walilomvutia, na maneno yake ya kutundika glavu. Hilo hakulijua. Akakiweka kijiko chini.

"Dada, ungeniambia tu unaogopa."

Nikasema nilimwambia. Akafikiri. Akasema kweli, nilimwambia.

Akanimiminia uji. Nikanywa.

Ijumaa, 2 Mei

Kwa Fideli wanagombana tena, sasa juu ya nani aanze na nani akae benchi. Mustafa amerudi amenyolewa kichwa chote. Mechi ya kwanza ya daraja la chini ni na Magara, wanasema, tarehe bado. Mustafa anataka iwekwe wiki ya mwanga. Fideli anasema yoyote, wavuvi wamekubaliana: usiku wa kuamkia mechi, mchezaji hapandi chombo. Sheria ya ufukweni, haijaandikwa popote.

Nilikuwa natia vifungo wakati Idi alipoingia. Nilitegemea amekuja kuchukua taa yake niliyokuwa nimemfutia kioo. Akatoa glavu kutoka chini ya koti, akaziweka juu ya cherehani.

Nikamuuliza, siku Sangala itashuka ulisema nini?

Akakuna ndevu. Akasema kule chini watachezesha vijana tu, na vijana hawajui kupanga beki. Akasema mwaka mmoja. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba uzi wa nyavu unamkata mkono.

Nilimwambia azifuate kesho, akaondoka na taa yake.

Nimefumua uzi wake wote na wembe, nikashona upya, mara mbili, na kiraka cha ngozi ndani ili asichubuke. Zimetoka nzuri. Ziko hapa mezani, zimelala kifudifudi.

Mustafa ananiita nje kutazama. Mwezi mchanga umeshazama. Taa zimejaa ziwani, zetu na za Magara pamoja. Sijui ipi ni ya Idi, kwa hiyo nimeziombea zote.