Nilivyoizima Sauti ya Mama

Jumapili, jioni. Ukungu haujaondoka Karatu tangu asubuhi, na sina hamu ya kula.

Naandika ili nikiri. Kwa miezi minne nimekuwa nikiizima sauti ya mama yangu kanisani.

Mimi ndiye fundi mitambo wa kanisa letu, wa sauti na taa. Watu huona ni kazi ya kubonyeza vitufe. Kwangu ni kama kuchora. Najua ni ubeti gani unataka besi ipungue ili maneno yasikike, na ni lini nizime taa nyeupe ibaki ile moja ya njano, mtu aweze kulia bila kutazamwa.

Sikio hili nimelipata kwa mama. Alikuwa akiimba huku akipalilia maharage kule kijijini Daa, nami nilijua kwa sauti yake tu kama amechoka au ana furaha.

Tangu alipofanyiwa upasuaji wa koo, sauti inakwaruza na kukatika katikati ya neno. Mwalimu wa kwaya anayoimba akaniomba nipunguze sauti ya maiki yake. Nikapunguza. Jumapili iliyofuata nikaizima kabisa, bila kuambiwa na mtu.

Kwaya ikapendeza. Nikasifiwa.

Mama aliendelea kuimba, macho kayafumba.

Leo baada ya ibada alinikuta nakunja nyaya. Akaniuliza kwa Kiiraqw, kama tunavyoongea tukiwa wawili.

"Maiki yangu ni mbovu?"

Ningeweza kusema ndiyo.

"Hapana, mama. Naizima mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu uliporudi kutoka hospitali."

"Nilidhani ni masikio yangu. Nimemwambia daktari masikio nayo yanakufa."

Akavua joho la kwaya, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya spika. Kisha akaondoka.

Mchana nilimfuata nyumbani. Nikamwomba msamaha, nikamwomba arudi. Akanimiminia chai. "Nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Lakini kuimba kwa kuonewa huruma siwezi."

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilichokitengeneza miezi yote hiyo kilikuwa kizuri kweli. Nilikisikiliza nikajivunia.

Nimeshamwambia mwalimu wa kwaya: Jumapili ijayo maiki ya mama itakuwa wazi, sawa na za wenzake. Sijui kama atakuja kusimama mbele ya maiki hiyo.